Sauti Namba Kumi na Mbili

Kinanda cha kwaya yetu, pale kigangoni Mwananyamala, kina nafasi za kuhifadhi sauti ambazo mpigaji anazitengeneza mwenyewe. Namba kumi na mbili ilikuwa ya Mwalimu Albano. Aliitengeneza wakati mkewe, mama Rosalia, bado anaimba sauti ya pili na kifua kimeanza kumsumbua. Alichukua nyuzi, akachanganya na filimbi kidogo, akapunguza ukali, akaifanya ianze taratibu ili isimfunike mama. Kwenye kioo cha kinanda akaandika ROSALIA.

Mama alifariki. Mwalimu akapata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea, na kiti chake nikakirithi mimi. Kila Jumapili wakati wa komunyo nilibonyeza kumi na mbili, naye pale benchi la mbele akafumba macho.

Jumamosi moja mchana kulikuwa na ndoa. Nilitaka sauti iliyochangamka ya kuwaingizia maharusi. Nikaanza na ile ya Mwalimu kwa kuwa ndiyo niliyoizoea: nikapandisha ukali, nikaondoa ule mwanzo wa taratibu, nikaongeza mwangwi. Ikanipendeza. Nikabonyeza kuhifadhi. Kinanda kikauliza kama kifute ya zamani. Nje gari la maharusi lilishaanza kupiga honi. Nikabonyeza ndiyo.

Nilichofanya nilikuja kukielewa kesho yake, komunyo ilipoanza. Ilitoka sauti kali kama tarumbeta. Mwalimu alifumbua macho, akanitazama, kisha akainamisha kichwa.

Baada ya misa mwenyekiti wetu, Gaudens, alitukusanya.

"Nani kachezea sauti ya Mwalimu?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema kitu, mtu akasema, "Si Isack huyo, kila siku anachokonoa vitufe."

Isack ni fundi cherehani wa Manzese, baba wa watoto wawili. Nilikuwa namfundisha kinanda kila Alhamisi.

"Mie hiyo sijaigusa," alisema. "Dada Bupe, si ulikuwepo Alhamisi? Waambie."

Wote wakanigeukia.

"Sikuangalia vizuri," nikasema.

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Gaudens akamkataza Isack kukisogelea kinanda. Isack hakubishana. Aliendelea kuja kuimba besi, anasimama mwisho wa mstari, na kila akifika ananisalimia.

Wiki ya kwanza nilijiambia nitairudisha ile sauti na mambo yataisha. Nilikaa kanisani mchana peke yangu, nikachukua nyuzi, nikachukua filimbi, nikashusha hiki na kupandisha kile. Nilikuwa nimeipiga miaka miwili bila hata siku moja kuangalia imesetiwaje. Kila nilichopata kilikuwa nyuzi na filimbi tu.

Wiki ya tatu nikaenda kwa Mwalimu. Nilimkuta barazani anafanya mazoezi ya mkono, anaminya mpira.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bupe. Karibu, kaa."

Sikukaa. "Mwalimu, ile sauti niliifuta mimi. Siku ya ndoa. Isack hahusiki."

Mpira ulimponyoka. Nikauokota, nikampa, lakini hakuupokea.

"Isack umeshamwambia?"

"Bado."

"Sasa umeanzia kwangu kwa nini? Mimi nimepotewa na sauti. Mwenzio anaitwa mharibifu mbele ya watu."

"Nilikuogopa zaidi wewe, Mwalimu."

"Basi uliogopa vibaya," alisema, na hakunikaribisha tena kukaa.

Alhamisi, kabla ya mazoezi, nilisimama mbele ya kwaya nikasema yote. Gaudens alimwomba Isack radhi palepale. Mimi nilipomfuata Isack, alikuwa anakunja karatasi zake za nyimbo.

"Wiki tatu, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Unaitikia salamu yangu, na unajua."



Mwalimu alikuja Jumamosi, akitembea kwa fimbo. Tulikaa kwenye kinanda mchana kutwa. Vipimo alivyokuwa ameweka hakuvikumbuka. Lililokumbuka ni sikio tu. "Punguza. Hapana, umezidisha. Mwanzo uchelewe zaidi." Jioni tulipata kitu. Alisikiliza mara mbili.

"Imekaribia," alisema. "Ihifadhi. Jina usiandike."

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Isack bado anaimba besi, na Gaudens ameshamruhusu kinanda mbele ya wote. Kila Alhamisi nasogea pembeni ya kiti na kumwita aje tuendelee na somo lake.

"Piga tu, dada," ananijibu kwa adabu.

Nami napiga.