Mjumbe Aliyepiga Kura ya Ndiyo

Baraza la chuo lilikuwa na viti kumi na saba, na kati ya hivyo wahadhiri walikuwa na kimoja tu. Vingine vilikaliwa na watu wa wizara, wafanyabiashara wawili watatu, makamu mkuu wa chuo, na jaji mstaafu ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kwa hiyo wahadhiri walikilinda kiti chao kwa wivu, na kila uchaguzi ulipofika walikigombania kwa kelele ambazo hata wanafunzi walizionea haya.

Safari hii walimkalisha mwalimu wa elimu ya mimea, mama wa makamo aliyeitwa Bi Ushahidi. Jina alibandikwa na wanafunzi, kwa sababu ukimwambia jani limenyauka kwa kukosa maji, atakuuliza umejuaje, kisha atakutuma ukachimbue mzizi. Aliyempigia kampeni kuliko wote alikuwa mtoto wa kaka yake, mwalimu wa historia, katibu wa mkutano wa wahadhiri. Nyumbani alimwita shangazi, mkutanini alimwita mheshimiwa mjumbe, na hakupenda mtu achanganye hayo mawili.

Pendekezo la kufunga maktaba ya zamani lilipofika, wahadhiri hawakuhitaji kufikiri sana. Miaka michache nyuma bwalo la wanafunzi lilifungwa kwa kile kilichoitwa ukarabati, na sasa hapo palikuwa na benki na duka la simu. Mkutano ukamtuma mjumbe wake akapinge. Maneno ya agizo hilo aliyaandika mwalimu wa historia mwenyewe, na aliyaona mazuri.

Siku ya pili baada ya kikao cha Baraza, Bi Ushahidi alisimama mbele ya wenzake, mkoba ungali begani.

"Mlinituma nipinge," alisema. "Nimeunga mkono. Jengo litafungwa."

Ukumbi ulichafuka. Mwenyekiti wa mkutano, profesa aliyeitwa Kipaza kwa kuwa hakuwahi kuhitaji kipaza sauti, alipiga meza mpaka kalamu zikaruka.

"Sababu, mama?"

"Majadiliano ya Baraza ni siri mpaka kumbukumbu zithibitishwe kwenye kikao kijacho. Nimekula kiapo."

"Na sisi je?" aliuliza mwalimu wa sheria, kijana mwenye tai iliyokaza. "Sisi hukutuapia?"

"Niliahidi kuwaambia nilivyopiga kura. Nimewaambia."

Jioni ile mwalimu wa historia alimfuata shangazi yake nyumbani. Alimkuta ukumbini kwake akimwagilia vikopo vya miche, akipima maji kwa kijiko.

"Shangazi, ungenyamaza tu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nani angejua?"

"Mimi."

"Watakuondoa."

"Wanaruhusiwa. Kanuni ipo."

Mwalimu wa historia alikuwa ametaniwa tangu mchana kwenye korido, mtoto wa nyumbani, tuambie basi mlichokula. Alijua kwamba akikaa kimya ataonekana anamkingia kifua. Basi akasema alichokuwa amekwisha kuamua njiani.

"Hoja ya kukuondoa nitaiandika mimi."

Bi Ushahidi alihamia kikopo kingine. "Afadhali wewe. Yule wa sheria anaandika sentensi ndefu."

Wiki iliyofuata hoja ilisomwa. Mwalimu wa historia alisema mjumbe aliwasaliti waliomchagua. Mwalimu wa sheria akaiunga mkono. Kisha mjumbe akapewa nafasi ya kujitetea, na watu wakajiegemeza vitini kama wanaosubiri mchezo uanze.

"Karatasi nilizosomewa ni siri," alisema Bi Ushahidi. "Jengo si siri. Lina mlango, na funguo anazo mkutubi. Nimemwomba atungoje. Twendeni."

"Tumekuwa chekechea sasa, tunapelekwa matembezi," mtu wa nyuma alinong'ona. Lakini waliinuka. Wakavuka uwanja, makoti na mikoba na fimbo moja ya profesa mzee, wakashuka ngazi hadi ghala la chini ya ardhi ambako magazeti ya zamani yalihifadhiwa.

Mwalimu wa historia alilijua ghala lile. Tasnifu yake yote ilizaliwa humo, akiwa ameketi sakafuni na mgongo ameuegemeza kwenye nguzo ya katikati. Hakuwahi hata mara moja kugeuka kuitazama. Sasa mkutubi aliwasha taa, na Bi Ushahidi akasogeza rafu yenye magurudumu iliyokuwa imeikinga nguzo hiyo upande wa pili.

Ufa ulianzia kiunoni mwa nguzo ukapanda kwa mshazari. Zege lilikuwa limebanduka pembeni, na nondo zilizoonekana ndani zilikuwa zimevimba kwa kutu. Juu ya ufa, hapa na pale, mtu alikuwa amegandisha kwa saruji vipande vyembamba vya kioo.

"Hivi vioo vya nini?" aliuliza Kipaza, na kwa mara ya kwanza aliuliza kwa sauti ya chini.

Bi Ushahidi alimtazama mwalimu wa uhandisi, na watu wote wakamtazama huyo.

"Ukiwa na wasiwasi na ufa, unabandika kioo," alisema mhandisi polepole. "Kioo hakinyumbuki. Nguzo ikisogea unywele mmoja, kinakatika."

"Hivi vimekatika," alisema Kipaza.

"Ndiyo. Vyote." Akainama. Waliobandika walikuwa wamechora tarehe kwenye saruji ikiwa bado mbichi. "Vimewekwa mwezi huu huu."

Juu ya vichwa vyao kiti kiliburutwa, kisha kingine. Ulikuwa wakati wa mitihani, na ukumbi wa kusomea ulikuwa umejaa. Profesa mzee aliangalia dari, akakohoa, akaanza kuzipanda ngazi.

Waliporudi mkutanoni, mwalimu wa sheria alikuwa wa kwanza kunyanyua mkono. "Ufa nimeuona, na leo hii niko radhi kuusukuma mlango ule ufungwe mimi mwenyewe. Lakini sijajibiwa. Tulimtuma, akakaidi. Safari hii kapatia. Safari nyingine je?"

Minong'ono ilianza. Bi Ushahidi aliinyamazisha kwa kiganja.

"Mwacheni. Ana haki, na ufa haulijibu swali lake. Siku mnaponituma, mnajua mnachokijua siku hiyo. Kule ndani naoneshwa na mengine. Mkitaka mtu wa kuinua mkono tu, yeyote anatosha, mtumeni hata huyu mwanangu. Mkitaka mtu wa kutazama, kuna siku atakuja na jambo msilolipenda. Mimi natoka nje mpige kura kwa uhuru."

Akatoka. Mwalimu wa historia aliomba kuiondoa hoja yake.

"Hairuhusiwi," alisema Kipaza. "Hoja ikishaungwa mkono ni ya mkutano. Kaa chini, katibu."

Kwa hiyo alikaa, na mikono ya kumwondoa ilipohesabiwa, wake ulikuwa mapajani. Ya kumbakiza ilipoitwa, aliuinua juu kuliko ilivyohitajika. "Mwandishi kakimbia kitabu chake," mtu alisema, na watu wakacheka. Hoja ilianguka, lakini kwa mikono michache tu. Mwalimu wa sheria hakuinua mkono upande wowote.

Kwenye korido Bi Ushahidi alikuwa akisahihisha kazi za wanafunzi huku amesimama.

"Umebaki, shangazi."

"Vizuri. Hoja yako ilikuwa na kasoro. Uliandika nimewasaliti. Ungeandika nimekiuka maagizo. Kukiuka nilikiuka, na ningekosa la kusema."

Mwezi uliofuata, Baraza lilipokaa tena na kumbukumbu kuthibitishwa, jaji mstaafu alikuja mwenyewe kuzungumza na wahadhiri. Alieleza kwamba jengo litavunjwa na kujengwa upya palepale, na kwamba Baraza limejifunga kwa azimio: kiwanja kile ni cha maktaba, hakitakodishwa wala kuuzwa, na wahadhiri wawili wataingia kwenye kamati ya ujenzi.

Ukumbi ulipiga makofi. Jaji alionekana kushangaa kidogo.

"Hili mbona si jipya kwenu," alisema. "Mjumbe wenu alisema hatoi kura yake bila sharti hilo. Tulibishana naye mpaka adhuhuri. Nilidhani mnajua."

Makofi yalikatika. Mwalimu wa sheria alifungua tai yake. Mwalimu wa historia aligeuka kumtazama mama aliyeketi safu ya tatu, mkoba mapajani, ambaye mwezi mzima uliopita angeweza kujiokoa kwa sentensi moja.

Mkutano ulipovunjika alimngoja mlangoni.

"Ulikuwa nalo hilo siku ile. Nimesimama mbele ya watu nimekuita msaliti, na ulikuwa nalo. Kwa nini hukusema, shangazi?"

Bi Ushahidi alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza jambo lililomo kwenye somo la kwanza.

"Kumbukumbu zilikuwa hazijathibitishwa," alisema.