Gauni la Orpha na Maganda ya Jozi

Amos Tharp alikuwa mkulima mwenye akili zake timamu, ila ukimwonyesha kitu cha bei rahisi dukani, akili zinamruka. Vuli ile alirudi kutoka mjini na jora zima la kitambaa cha miraba ya kijani na manjano, kalikumbatia kama mwana.

Mkewe, Hulda, alishona mpaka vidole vikafa ganzi. Mwanawe Emmett akapata shati, binti yake Orpha gauni, na wadogo zao wawili magauni ya kufanana. Kilichobaki kikawa pazia la jikoni.

"Orpha, ondoka dirishani," Emmett akamwambia dada yake. "Baba atakuvuta, akidhani kumekucha."

Orpha, wa miaka kumi, hakucheka. Shuleni walikwisha kumwita Pazia. Siku mama yake alipokwenda kumtazama jirani aliyejifungua, Orpha alijaza maganda mabichi ya jozi, zile kokwa za mti zenye kutia doa, kwenye sufuria kubwa la kufulia, akachochea moto, akalitumbukiza gauni. Likatoka la kahawia iliyokolea, zuri ajabu! Akalianika nyuma ya ghala, roho kwatu.

Kumbe mikono nayo ilikuwa imeiva mpaka viwikoni, na rangi ya jozi haisikii sabuni. Mezani akaificha chini ya aproni.

"Orpha, nipe mkate," mama akasema.

Orpha akausukuma kwa kiwiko.

"Mikono umeikopesha nani?"

Ikabidi aitoe. Wadogo wakapiga yowe. Hulda akainuka, akazunguka nyuma ya ghala, akarudi na gauni. Akalinusa, akalipekua pindo kwa pindo, huku Orpha akingoja fimbo.

"Rangi imeshika," akasema hatimaye. "Na hii haionyeshi uchafu." Akamgeukia Emmett, aliyekuwa bado anakenua. "Nawe, vua hilo shati."

Jumapili, akina Tharp wote wakaketi kanisani kwenye benchi moja, watoto kahawia tupu kutoka mdogo hadi mkubwa. Mke wa mchungaji akawapitishia jicho.

"Hulda, mmependeza! Utadhani kware na vifaranga vyake."

Sala ilipoanza, Emmett akainama sikioni kwa dada yake. "Ahsante, mpishi. Wiki ijayo unatuunga na nini?"

Orpha alikusudia kumfinya. Badala yake kicheko kikamtoka puani, katikati ya sala, na Baba, macho kafumba kwa uchaji, akampitishia pipi ya mnanaa ya kuzibia mdomo.