Nyuma Hufika Baadaye

Karatasi ya kazi ililetwa karakana saa tatu asubuhi ikawekwa chini ya kopo la oili isipeperushwe na upepo. Ilisema gari la wagonjwa, lile jipya, lisivute tena kwa magurudumu yote manne. Livute kwa mawili ya mbele tu, na vipuri vitafutwe kwenye yadi ya magari mabovu. Sababu: kubana matumizi ya mafuta. Sahihi ya Afisa Usafiri ilikuwa imekula nusu ya karatasi.

Fundi aliisoma mara mbili, kwa kidole, maana shule aliiachia darasa la nne. Kisha akamwita dereva wa gari hilo. Dereva alijulikana kama Breki kwa sababu hakuwa na mazoea ya kuzikanyaga.

"Mafuta gani wanayabana?"

"Fundi, usijitie ugeni. Difu ya Mkuu imekufa wiki iliyopita. Gari lake na hili ni mapacha."

"Kwa hiyo mgonjwa anang'olewa uti wa mgongo apewe mzima."

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

Hadi saa sita difu, lile bonge la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa imeshuka, na propela, ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu nyuma, na shafti mbili fupi za magurudumu. Vilifungwa kwenye gunia safi, vikabebwa kwa heshima kama maharusi. Nyumba ya Mkuu ilikuwa mita mia nne kutoka ofisini kwake, na lami ilianzia mlangoni kwake ikaishia mlangoni pa ofisi. Gari la wagonjwa, kila safari, lilitoka zahanati, likapanda mpando wa udongo mwekundu wenye korongo upande wa kushoto, ndipo likafika lami ya mjini na hospitali kubwa. Wanasema aliye juu mngoje chini. Watu wa mtaa ule walikuwa wamengoja mpaka wameota mizizi.

Kulipunguza gari si kung'oa tu. Ukiacha nyuma ya giaboksi wazi, nguvu yote hutokea huko kama maji ya bomba lililopasuka. Gari litanguruma na halitatembea. Fundi alikata bamba nene kwenye fremu ya gari bovu, akaziba, akachomelea. Pili, ukitoa shafti, katikati ya gurudumu hubaki tundu, na beringi haina wa kuishikilia. Gurudumu litakuaga njiani. Lazima upate habu, vile vitovu vya magurudumu, za gari ambalo tangu kuzaliwa linavuta kwa mbele tu, ambazo hazina tundu. Yadini kulikuwa na gari moja la namna hiyo. Fundi alilijua.

Lilikuwa gari la wagonjwa la zamani. Mkewe alipanda kiti chake cha nyuma miaka miwili iliyopita, akiwa na maumivu ya tumbo upande wa kulia na beseni magotini kwa ajili ya kutapika. Siku hiyo Fundi alikuwa chini ya gari la Mkuu, na ruhusa haikutoka. Mvua ilinyesha. Katikati ya mpando magurudumu ya mbele yalizunguka bure dakika arobaini, yakichimba makaburi mawili madogo, na mwanamke akafa palepale huku Breki akitafuta mawe.

Karatasi ya hospitali ilisema: amepokelewa saa kumi na dakika kumi, akiwa hai. Hilo halikuwa kosa la mtu. Ripoti ilitakiwa kwa Mkuu saa sita mchana, na gari huondoka saa tisa na nusu kila siku, kwa hiyo safu ya kufika ilijazwa asubuhi. Fundi alipeleka karatasi ile kwenye ofisi tatu. Katika ya tatu aliambiwa, kwa upole, kwamba mzee, karatasi haina sababu ya kukudanganya.

Alizifungua habu mbili za nyuma. Nati zilikuwa na kutu lakini zilikubali upesi kuliko alivyotegemea. Chuma kilikuwa na joto, ijapokuwa gari lilikuwa kivulini. Alizisafisha kwa mafuta ya taa, akaziweka kwenye gari jipya, akakaza.

Safari ya kwanza, nusu ya mbele ya gari ilifika hospitali saa kumi na dakika kumi, ikiwa na Breki na Afisa Usafiri, ambaye alikuwa na kikao mjini karibu kila siku. Nusu ya nyuma ilifika saa kumi na dakika hamsini. Iliingia getini yenyewe, polepole, ikaikaribia mbele, ikashika. Ndani yake mlikuwa na mwanamke aliyevunjika mguu. Mlinzi alilalamika kwamba halipwi kufungua geti mara mbili kwa gari moja.

"Nikipinda pale mpandoni gari linakuwa jepesi," Breki alisema karakana. "Nikadhani leo nimepatia gia."

Waliosafiri nyuma walipopona walieleza bila kelele. Mbele huondoka. Nyuma hubaki kwenye ukungu. Kuna mama hukaa nao, hana maneno mengi, ana beseni.

"Beseni la rangi gani?" Fundi aliuliza.

"Kijani. Limepasuka ukingo, limeshonwa kwa waya."

Waya ule aliushona Fundi mwenyewe, jikoni, kwa koleo. Alirudi chini ya gari akakaza nati ambayo alikwisha kuikaza.

Wiki ya pili nyuma ilichelewa dakika hamsini. Wiki ya tatu, saa nzima. Mwalimu mstaafu aliyepanda akilalamikia kifua alifika saa kumi na moja na dakika kumi, amekaa wima, amepoa. Kwenye kitabu alikuwa amepokelewa akiwa hai tangu asubuhi, wakati alipokuwa bado nyumbani kwake anakunywa uji.

Hapo ndipo hofu ilipohamia kwa Fundi na kukaa kama mpangaji asiyejua kuaga. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa amerudi kwa baba yake baada ya mumewe kwenda kutafuta kazi na kuipata kazi pamoja na mke mwingine. Mkunga wa zahanati alimfunua kope, akatikisa kichwa. Damu haimtoshi. Akizaa mahali pasipo na damu ya kuongezewa, atamwagika yote.

Fundi alikwenda kwa Afisa Usafiri amevua kofia.

"Naomba difu irudi. Mwezi mmoja tu."

"Irudi kutoka wapi? Mkuu atembee kwa miguu?"

"Basi binti yangu akae mbele."

"Kiti cha mbele kina barua, mzee. Ni cha afisa. Leo akikaa binti yako, kesho atakaa mbuzi wa mtu."

"Nyuma haifiki, mheshimiwa."

"Gari linafika saa kumi na dakika kumi. Kila siku ya Mungu. Mimi mwenyewe nimo."

"Umekaa wapi?"

"Mbele."

"Ndiyo hiyo inayofika."

Afisa alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa akaanza kusema ovyo. "Ninachokuambia nimekiona kwa macho yangu. Wewe umekiona?"

Fundi alirudi karakana. Alibadilisha beringi, akatia grisi mpya, akazungusha magurudumu kwa kidole, yakazunguka kama feni. Hayakuwa na kosa. Jioni alimkuta binti amekaa kizingitini, amenyoosha miguu iliyovimba, anachambua mchele.

"Baba, mbona unanitazama hivyo? Nimeota mkia?"

"Siku ikifika nitapanda nawe."

"Utapanda ufanye nini? Wewe damu tu ukiiona unatafuta ukuta."

"Nitapanda."

Siku ilifika Jumatano, saa nane mchana, na mvua. Saa ya gari ilipofika, Breki alilaza kiti cha nyuma. Binti alilala juu ya shuka lililokunjwa, na Fundi akachuchumaa karibu na kichwa chake. Mbele alikuwemo Afisa, faili mapajani. Aligeuka mara moja kuuliza kama viatu vya mzee vimefutwa.

Waliingia mpandoni. Magurudumu ya mbele yalichimba, yakapata, yakachimba tena. Fundi alihesabu kona. Kwenye ile ya tatu, pale korongo linapoanza, mbele ikaondoka.

Haikupasuka wala haikupiga kelele. Sauti ya injini ilikwenda nayo, na kichogo cha Afisa, na vifuta kioo vikihangaika. Kapeti ilikuwa imekatika sawasawa kama kwa mkasi wa fundi cherehani, na mvua ikawa inaingia. Halafu ukungu ukaziba, na pakawa kimya. Fundi alisikia pumzi za binti, na maji yakitiririka korongoni, mbali sana chini.

Kisha nyuma ikaanza kurudi.

Magurudumu aliyoyatengeneza kwa mikono yake hayakuvutwa na kitu wala kushikwa na kitu. Mkono wa breki ulikuwa umekwenda na mbele. Yalizunguka kinyume, polepole, laini, kama feni. Fundi aliruka akaanguka matopeni, akapapasa jiwe, hakupata. Binti alipiga kelele moja tu: "Baba!" Ukingo ulikuwa hatua tatu.

Gari likasimama.

Jiwe lilikuwa limekwisha wekwa. Nyuma ya gurudumu alipiga magoti mkewe, miguu mitupu, gauni lilelile la maua madogo, mikono yote miwili kwenye jiwe.

"Umekonda," alisema.

"Wewe hujabadilika."

"Nibadilikie wapi? Hapa?" Alijifuta matope usoni kwa kiwiko. "Lile gari langu lilifika?"

"Wameandika limefika."

"Nilijua. Ndiyo maana hakuna aliyerudi kunichukua." Alisimama akachungulia ndani. "Na huyu ndiye nani? Huyu si mwanangu? Sogea mzee, unanizibia mwanga."

Mtoto alizaliwa wa kike, juu ya shuka, akapokelewa kwenye beseni la kijani. Mkewe alichomoa uzi kwenye pindo la gauni lake, akafunga kitovu, akakata kwa meno. Binti alimtazama mama yake akatabasamu, kisha midomo yake ikaanza kuwa ya rangi ya majivu. Damu haikukoma. Ilipita sakafuni, ikafika pale kapeti ilipokatika, ikadondoka barabarani.

"Toa jiwe," mkewe alisema. "Tusukume."

"Kumbe huwa unawasukuma wewe?"

"Ulidhani wanasukumwa na nani, Mkuu? Mwanzo nilikuwa na nguvu. Siku hizi miguu inateleza, udongo umekuwa sabuni. Yule mwalimu alinifia mkononi tukiwa tunaiona lami."

Walisukuma bega kwa bega. Bega la mkewe lilikuwa baridi na gumu kama bodi ya gari. Fundi alikuwa na viatu vyenye meno. Mguu wake ulishika, na mkewe alipoteleza alimwegemea. Kila waliposimama kuvuta pumzi, Fundi peke yake ndiye aliyevuta. Waliifikia lami. Walipita geti dakika ishirini na tano baada ya mbele, na mlinzi akasema, "Tena?"

Binti alitundikiwa chupa mbili za damu. Mkono wake ulipopata joto, muuguzi alisema amewahi. Dakika kumi zaidi angekuwa habari nyingine.

Mkewe alikuwa amesimama kwenye dirisha la mapokezi, matope yakimdondoka. Mpokezi alifunua kitabu cha zamani, akashuka na kidole.

"Huyu ameshapokelewa. Miaka miwili iliyopita, akiwa hai. Siwezi kumpokea mara mbili."

"Basi mwandikeni alikofia," Fundi alisema.

"Masahihisho ni dirisha la pili."

Dirisha la pili lilikuwa limepigiliwa mbao.

"Acha, mzee," mkewe alisema. "Usijipandishe presha. Kesho kuna wagonjwa." Aliutazama uso wa mjukuu mara moja, bila kumgusa, kwa sababu mikono yake ilikuwa baridi. Akachukua beseni, akalisuuza kwenye bomba la uani, akaondoka kwa miguu kuelekea mpandoni. Mlinzi alimfungulia geti. Hakulalamika.

Mtoto hakuwemo kwenye safu ya asubuhi, kwa hiyo aliandikwa kuwa amezaliwa kesho yake.

Jumamosi Fundi alinunua gambuti, namba tano, za kike, akaziweka chini ya kiti cha nyuma. Gari liliporudi hazikuwemo. Tangu siku hiyo nyuma ikawa inachelewa dakika thelathini na tano, na haikuongezeka. Afisa aliandika ripoti kwamba zoezi la kupunguza gari limeleta mafanikio. Mkuu aliisoma akiwa amekaa kwenye gari lake, ambalo magurudumu yake yote manne yalivuta, juu ya lami, mita mia nne kwenda na mia nne kurudi.

Mwezi uliofuata difu ya gari la Naibu wa Mkuu ilikufa. Karatasi mpya ilikutwa chini ya kopo la oili. Ilihusu gari la zahanati ya pili, ile ya ng'ambo ya bonde, ambayo wagonjwa wake hupandia mpando uleule. Fundi aliisoma mara mbili, kwa kidole. Akawasha sigara, akaizima. Alikwenda dukani akaomba gambuti jozi moja.

"Namba tano tena?" muuzaji aliuliza. "Mama amezimaliza?"

"Hapana," alisema Fundi. "Safari hii namba tisa."

Akaketi kwenye kreti ya soda, akavua viatu vyake, akazijaribu.