Magamba Mlangoni mwa Pweza

Mwaka wa pili wa uhuru, maji yamekupwa mpaka mwamba wa Galu umebaki uchi, Mwanapili akamwona Chirau, karani wa Kwale, anakuja na viatu. Viatu! Juu ya mwamba! Na tai shingoni kama mbuzi wa mnada wa Taru. Nyuma yake Mzungu, amekumbatia sanduku la chuma kama mtoto mwenye homa.

"Mama, pisha. Kazi ya serikali."

"Na salamu? Mumezifungia kabatini huko ofisini?"

"Shikamoo," Chirau akatema.

"Marahaba. Haya, serikali imepoteza nini huku?"

Chirau akavimba. Sanduku lile, akasema, litarushwa mpaka nyota ya Mirihi, likanuse, na likikuta chochote kinachoishi, lilie. Kwanza lijaribiwe mahali palipokufa kabisa. Kapachagua yeye mwenyewe, maana ndiye mwenyeji.

Mwenyeji! Mtu wa mlimani, hata kaa anamtimua!

"Pale," akanyoosha kidole. "Magamba matupu ya kaa, yamelundikana. Kila kitu kimekufa. Tunamwaga dawa, tuue hata kisichoonekana, kisha tunapima."

Mwanapili akakifuata kile kidole kwa macho. Pale ndipo penye shimo lake! Alionyeshwa na mamake, na shimo la pweza haliambiwi mtu, hata mume. Ukimtoa mmoja, mwengine anahamia. Wanawe wote wamelelewa na shimo lile. Magamba ni mabaki ya chakula, pweza hula akatupa mlangoni. Huyu mjinga kaona jaa la mwenye nyumba, akasema nyumba ni kaburi!

Lakini hatua thelathini tu nyuma, Mwanaima, mke mwenzake, alikuwa ameinama anachokoa majabali. Macho yake kama ya kunguru.

"Mwanangu, pale pana jini," Mwanapili akanong'ona.

"Uhuru huu, bado majini?" Chirau akacheka, akafungua debe la dawa. Harufu yake ikawasha macho.

Basi Mwanapili akamsukuma kando, akachomeka fimbo yake ya chuma shimoni, akaingiza mkono mpaka begani. Akavuta. Pweza akatoka, mkubwa, mikono yote imemzinga Mwanapili mpaka kwapani. Mzungu akapiga ukelele, karibu aangushe mali yake.

"Kimekufa hiki?" Mwanapili akamsogezea Chirau usoni.

Chirau akarudi nyuma, kiatu kikajaa maji. "Sanduku... sanduku halikulia."

"Basi lipelekeni huko Mirihi. Likiwakuta wenyewe wamekaa barazani wanakunywa kahawa, litasema hakuna mtu."

Mzungu akafunika debe mwenyewe, akamvuta karani wake kwa mkono, wakaenda kutafuta kifo kwengine.

Mwanapili akageuka. Mwanaima alikuwa keshafika. Alichutama, akatia fimbo yake shimoni, taratibu, akapima kina chake, akainuka.

"Refu," akasema.