Subana Nyuma ya Kiambaza

Fundi cherehani alikuwa mtu wa maneno machache, na mkewe alikuwa wa machache zaidi. Chumba chao cha kazi kiligawanywa na kiambaza cha mbao: mbele fundi alipima na kukata, nyuma mkewe alishona matundu ya vifungo. Akimaliza kukata, fundi aligonga meza kwa mkasi mara mbili. Mkewe alijibu mara moja kwa subana, kile kikofia cha chuma cha kidoleni, maana yake lete. Wateja waliwatania kwamba wanapigiana simu za bure.

Kisha lori la kampuni ya nchi jirani likaacha njia, likamgonga mama huyo kando ya barabara, akafa palepale. Dereva alisinzia, na hakuna aliyelibishia hilo. Kilichobishaniwa ni kitu kimoja: fundi amepoteza nini?

"Baba, tuna milango miwili," alimweleza wakili wake, binti wa umri wa watoto ambao fundi hakujaliwa kuwapata. "Sheria ya kwetu inauliza marehemu alikuwa anaingiza nini. Mama hakuwa na mshahara, kwa hiyo tutadai gharama ya mtu wa kushika kazi yake. Hilo halina ubishi, wenyewe wako tayari kulipa. Sheria ya kwao inalipa na uchungu pia. Ila lazima usimame mbele ya hakimu uuthibitishe. Ukishindwa, tunarudi mikono mitupu, na huku hatuwezi kufungua kesi tena."

"Uchungu unathibitishwaje, mwanangu?"

"Kwa kuusema, baba."

Fundi akaona heri mlango wa kwanza. Kusema kulimshinda hata siku ya posa. Shangazi yake ndiye aliyemsemea.

Basi akatafuta mshonaji, ili apate bei ya kupeleka mahakamani. Akaja mama mmoja mwepesi wa mkono, na tuseme ukweli, matundu yake yalikuwa mazuri kuliko ya marehemu. Mashati yaliyolundikana tangu msiba yakaanza kupungua. Fundi akakata shati jipya, akagonga mkasi mara mbili bila kufikiri.

"Unasemaje, fundi?" mama akachungulia.

"Hamna kitu."

"Maana nimesikia unagonga."

"Hamna kitu, dada."

Alimlipa ujira wake, akamshukuru, akafunga duka mchana kweupe. Kwa sheria ya nyumbani pengo lilikuwa limezibwa, na mwenye pengo alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya kiambaza, mpweke kuliko siku ya mazishi. Jioni akampigia wakili simu. "Twende kwa wenye lori," alisema.

Huko, katika mahakama ya nchi jirani, wakili wa kampuni alikuwa amejiandaa vilivyo. Alimwambia hakimu kwamba majirani wa fundi hawakumbuki kuwasikia mke na mume wale wakizungumza. "Ndoa ya mabubu, mheshimiwa. Huo uchungu unatoka wapi?"

Hakimu, mwanamke wa makamo, akamgeukia fundi. "Mzee, una la kumjibu?"

Fundi alisimama. Mikono iliyozoea mkasi haikujua pa kukaa, akaishika mbele kama mwanafunzi aliyekosa.

"Mimi si msemaji, mheshimiwa. Nilikuwa nikigonga, anajibu. Sasa nagonga, hajibu."

Akaketi.

Siku ya hukumu hakimu alisema kwamba kujibiwa ni mali ya mtu, na aliyekuondolea wa kukujibu amekudhuru, hata kama mshahara haukupungua na kazi imepata mshonaji mwingine. Kampuni ikaamriwa kulipa. Binti wakili alimshika fundi mkono, machozi yakimlengalenga.

"Wamemhesabu, baba."

Fundi alirudi nyumbani na furaha ambayo hakuitegemea, furaha ya mtu aliyebeba habari njema na njia inamchelewesha. Alifungua duka, hata koti hakuvua. Akachukua mkasi, akagonga meza mara mbili, akatega sikio kiambazani.

Alisimama hivyo mpaka alipokumbuka habari yenyewe ilikuwa ya nini.