Sahani ya Aliye Ovataimu

Katika nyumba ile, ovataimu lilikuwa neno tamu kabla halijawa chungu. Aliyelileta ni Bi Kola, mke wa fundi baiskeli, aliyepewa jina hilo kiwandani kwa sababu tangu aajiriwe hajashona kitu kingine zaidi ya kola za mashati. Mumewe alikuwa mtu wa maneno, akalipokea kama mgeni wa heshima. Watoto walipoanza kuuliza maswali aliwaeleza kwamba Wazungu walichukua vineno viwili, kimoja cha kupita na kingine cha wakati, wakavigandisha kama kiraka na tyubu. "Basi mama yenu ndiko aliko," akasema. "Wakati umepita, yeye bado yupo."

Siku hizo meneja alipita katikati ya cherehani akiuliza nani anataka kubaki, na anayetaka akanyoosha mkono. Asiyetaka alichukua mkoba wake akaenda zake, wala hakuna aliyemtazama kwa jicho baya. Kwa watoto, ovataimu ilikuwa viatu vipya vya shule na mkate wenye siagi. Ukimuuliza binti yao mkubwa mama yuko wapi, alikujibu kwa maringo, "Yuko ovataimu," ungedhani ni mji wa raha huko ng'ambo. Baba mtu naye akajizoesha desturi moja ambayo hakuiacha maisha yake yote. Akipakua chakula, alianza na cha mkewe, tena vile vipande vinono, akakifunika kwa sahani nyingine na kutangaza, "Hiki ni cha aliye ovataimu. Atakayekigusa tutaonana." Hakuna aliyekigusa.

Halafu neno likaanza kuharibika. Mtaani, wanaume walilidandia. Jirani yao mmoja alikuwa ovataimu mwaka mzima, mpaka ovataimu yake ikajifungua mapacha, na mkewe akaenda kuwaona kwa macho yake. Bi Kola alicheka hadi akashika mbavu. Lakini ya kiwandani hayakumchekesha. Mkono wa kunyoosha uliondolewa, yakaja majina ubaoni. Ubao nao ukaondolewa, likaja kufuli. Oda ikibana, king'ora cha kutoka kinalia na geti halifunguliwi, na hiyo nayo wakaiita ovataimu, neno lilelile, bila haya hata kidogo. Wangetafuta jina jingine basi, angalau wamheshimu mtu akili zake.

Aliyeshika ufunguo wa kufuli hilo, miaka hii ya mwisho, alikuwa yule binti. Alisomeshwa kwa kola za mama yake, akarudi kiwandani na koti la buluu la msimamizi, ufunguo ukining'inia shingoni. Bi Kola alijivuna mpaka majirani wakamchoka. Siku ya kwanza ya kazi walikubaliana wawili wao, wakiwa wanakunywa chai jikoni, kwamba ndani ya geti hakuna mama wala mwana, wasije watu wakasema kuna upendeleo. Mama ataitwa Bi Kola kama wanavyomwita wengine, naye atamwita binti yake Msimamizi. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao, na walilifanya kwa mapenzi matupu.

Fundi baiskeli alipolazwa kwa ugonjwa wa moyo, Bi Kola alikuwa akitoka kazini anakimbilia wodini kabla wageni hawajatolewa. Binti alipita asubuhi, mama jioni. Jioni moja mumewe alimshika mkono, akaipapasa ile sugu ya kidole gumba iliyokomaa kwa kushika kitambaa.

"Kesho njoo mapema, mama watoto. Kuna jambo nataka kukwambia."

"Si uniambie sasa?"

"Hapa pana masikio mengi. Kesho, wenzangu wakitolewa nje kupunga upepo."

Kesho yake king'ora kililia na geti likabaki limefungwa. Bi Kola aliinuka, akajifuta nyuzi kwenye kanga, akamfuata binti yake mlangoni.

"Msimamizi, naomba kutoka."

"Leo haiwezekani, Bi Kola. Kontena linaondoka leoleo."

"Baba yako ananisubiri. Ana jambo."

Binti alitupa jicho kwenye ofisi ya vioo, ambako meneja alisimama mikono mfukoni. Alipomgeukia tena mama yake alikuwa ananong'ona.

"Mama." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo ndani ya geti lile. "Nikikufungulia wewe, laini nzima itataka kutoka, na kesho mimi sina kazi. Baba ataelewa. Si yeye ndiye aliyetuzoesha? Mwambie ilikuwa ovataimu."

Bi Kola alikuwa na maneno ya kumwambia, tena makali, yamejaa mdomo. Aliyameza. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kuunyakua ule ufunguo, shingo ile si aliiogesha mwenyewe? Badala yake alirudi kwenye cherehani akakaa, akashona kola. Alizishona vizuri, hakuna hata moja iliyopinda, na hilo hajalisamehe mpaka leo.

Geti lilipofunguliwa alikimbia, lakini alipofika hospitali jua limeshazama na wageni wameshatoka. Mlinzi alimtazama usoni akampisha bila kuuliza. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka jipya. Nesi mmoja, mama mtu mzima aliyewazoea, alimshika bega.

"Pole sana, dada. Ametutoka muda si mrefu. Alikuwa anautazama mlango ule tangu mchana. Tukamuuliza tumpigie nani simu, akasema msimsumbue, yuko ovataimu. Akalisema kwa maringo, dada yangu, mpaka tukacheka."

"Hakusema kingine?"

"Aliomba sahani ya pili. Hatukujua ya nini."

Juu ya kabati dogo la kitanda kulikuwa na sahani ya hospitali, imefunikwa kwa sahani nyingine. Bi Kola hakuifunua. Aliifunga ndani ya kanga yake na kuondoka nayo, na nesi akageuza uso kama hajaona.

Nyumbani ndugu na majirani walikuwa wameshaanza kujaa. Binti alifika wa mwisho, kontena lilipokwisha kufungwa, bado ana koti la buluu na ufunguo shingoni. Alijitupa miguuni kwa mama yake akilia kwa sauti, na wanawake waliokuwepo wakalia naye. Bi Kola peke yake hakulia. Hasira ilikuwa imemkausha macho.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Nyanyuka."

Alimketisha kwenye kiti, akaweka ile sahani mbele yake na kuifunua. Kulikuwa na wali uliopoa na vipande viwili vya nyama, vile vinono, ambavyo mgonjwa wa moyo alijinyima akamwekea mtu.

"Hiki baba yako alikiweka cha aliye ovataimu," alisema. "Mimi sikuwa ovataimu. Mimi nilifungiwa. Aliyekuwa ovataimu ni wewe. Kula."

"Mama, sitaweza."

"Alikuwa na jambo la kuniambia, na mimi sasa sitalijua. Kula, mwanangu. Labda wewe utalisikia humo."

Shangazi mmoja alinyoosha mkono kuiondoa ile sahani, Bi Kola akamtazama, mkono ukarudi. Binti aliuvua ufunguo, akauweka mezani, akamega. Alitafuna huku machozi yakimwingia mdomoni, na mama yake alikaa mbele yake, mikono mapajani, wala hakumwambia basi.