Jasho la Ngome

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, askari wa ngome walikwangua chumvi ukutani, wakajaza bakuli na kuipeleka jikoni. Ngome ile ilichongwa ndani ya mwamba, kilimani nyuma ya Maskati, na chumba chake cha chini kilitoka jasho. Si unyevunyevu, jasho hasa, lenye harufu ya makwapa ya watu walio kazini. Lilianza jua likichomoza, likapumzika adhuhuri, kisha likaendelea mpaka magharibi. Askari walisema samaki hanogi bila ya chumvi ile. Astaghfirullah, na wakila wakilamba vidole! Harub aliionja siku moja tu, akaenda kutapika nyuma ya mzinga.

Harub alikuwa mwalimu wa skuli Unguja. Baada ya mapinduzi ya sitini na nne alifika Maskati peke yake. Mkewe Muhsina na binti yao walikwama Dubai, wakingoja ruhusa ya kuingia. Ruhusa yenyewe ilikuwa kwa msimamizi wa ngome, Sheikh Thani, naye wa Unguja vilevile, lakini alikuwa hajaitia sahihi. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutazama mambo ya kale, na Harub, kwa mwandiko wake mzuri, akapewa kazi ya kuandika majina ya vitu vilivyofukuliwa chumba cha chini.

Siku hiyo vibarua walimwekea mezani, mle mle chumbani, sanduku la pingu za miguu.

"Andika mafurungu ya maharusi, yale mapambo ya miguuni," akasema Sheikh Thani.

"Sheikh, hizi pingu za watumwa. Hii ina mfupa ndani."

"Basi utoe. Wageni watakula hapa, usiwatie kichefuchefu."

Harub akautoa. Ulikuwa na joto, umelowa jasho. Akaufuta kwa leso yake, kwa kinyaa, wala si kinyaa cha mfupa. Alimchukia Sheikh Thani na ndevu zake zilizofukizwa udi. Akajichukia mwenyewe zaidi.

"Mkeo unamtaka au humtaki?"

Akaandika. Mafurungu ya maharusi, mara ishirini na tatu, kwa mwandiko uleule aliowafunzia watoto wa watu. Ukuta ukachuruzika mpaka ukawarowesha viatu, wakasogeza meza.

Sheikh Thani akatia sahihi ile ruhusa, akaipuliza wino ukauke.

"Kesho lipo sanduku jengine," akasema. "Ndogo ndogo, za watoto. Hizo utaandika bangili."

Harub akaikunja ruhusa, akaitia mfukoni, akauliza aje saa ngapi.